Kijana Wangu Huingia Dakika Chache na Kutolewa: Je, Ana Lake Katika Mpira wa Magongo?

"Kijana wangu ana miaka 18. Alimaliza kidato cha nne mwaka jana na sasa anachezea klabu moja hapa Nairobi, safu ya mbele. Shuleni hakuna aliyemshinda kwa mabao. Huku klabuni hajaanzishwa hata mechi moja tangu msimu uanze. Anaingia dakika nne au tano, anaitwa nje, anaingizwa tena, anatolewa tena. Amefunga mabao mawili pekee. Nilipomuuliza kocha alinijibu kwamba huyu 'ni wa kazi, si wa mabao'. Babake anasema kijana anapotezewa wakati, aachane na magongo ajiandae kwenda chuo. Mimi nilikuwa nafikiria tumhamishie klabu ndogo ambako ataanza kila mechi. Naomba ukweli: ana kipawa au tunajidanganya? Na huko kuingia na kutoka kutamfikisha wapi?"

Mama, asante kwa kulieleza jambo hili kinaganaga. Naona maswali mawili yameshikana hapa: kama kijana anadharauliwa, na kama hiyo kazi anayopewa ina mbele. Nianze na la kwanza, maana nadhani ndilo linalokukera zaidi kila unapoketi pale jukwaani. Kwa dalili ulizotaja, sioni dharau. Naona kocha anayemtumia kijana jinsi washambulizi wa magongo wanavyotumiwa kila mahali.

Wengi wetu tumelelewa na kandanda. Kwenye kandanda, akitolewa mchezaji ndiyo basi, na anayeingizwa dakika ya 75 kila mtu anajua ni wa akiba. Tukienda kutazama magongo tunakwenda na macho hayo hayo, na yanatupoteza. Katika magongo hakuna kikomo cha kubadilisha wachezaji. Mtu anaweza kutoka na kurudi mara nyingi katika mechi moja, na mchezo unaendelea bila refa kupuliza kipenga. Mechi ni dakika 60, yaani robo 4 za dakika 15. Uwanjani ni wachezaji 11, lakini orodha ya mechi huwa na 16 au 18 kulingana na mashindano.

Sasa tupige hesabu pamoja. Timu ikicheza na washambulizi 3 kwa dakika 60, hizo ni dakika 180 za kugawana. Kocha mwenye washambulizi 5 akizigawa sawasawa, kila mmoja anapata 36. Akiwa nao 6, kila mmoja anapata 30. Anayeanza mechi anaweza kuitwa nje dakika ya tano, na ambaye hakuanza akamaliza mechi akiwa amecheza muda mrefu kumpita. Kwa hiyo hilo la "hajaanzishwa" usilipe uzito mkubwa. Lenye uzito ni jumla ya dakika zake, na hata zaidi ya hapo, ni dakika zipi.

Kuna sababu ya washambulizi kubadilishwa mara nyingi kuliko mabeki, nayo iko kwenye misuli. Mbio kali za sekunde tano au sita huchota nguvu kutoka akiba ndogo iliyomo ndani ya msuli, iitwayo fosfokreatini. Akiba hiyo huisha upesi. Mtu akipumzika, karibu nusu yake hurudi katika nusu dakika hivi, lakini kujaa tena huchukua dakika tatu hadi tano. Mshambulizi wa magongo hupiga mbio hizo bila kukoma, kwenda mbele kutafuta mpira na kurudi kumbana beki. Ukimwacha uwanjani dakika kumi mfululizo bado atakimbia, lakini zile mbio za kumfikia beki kabla hajainua kichwa hatakuwa nazo. Ukimtoa mapema, akanywa maji na kupumua dakika tatu nne, anarudi na miguu mipya. Kocha anayemwita kijana wako nje baada ya dakika tano huenda anamlinda awe mkali.

Wenzetu wa hoki ya barafu wamelifanya jambo hili kuwa mfumo kamili. Timu ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, huja na washambulizi 12, safu 4 za watu watatu watatu, na kila safu hukaa barafuni chini ya dakika moja kisha inaruka ukuta kupisha nyingine. Safu ya nne hupata dakika chache kuliko zote, na kazi yake inajulikana: kuwachosha wapinzani, kuwanyima wafungaji wao nafasi ya kucheza, na kulinda bao moja lisirudishwe. Mshambulizi mmoja wa kazi hiyo, Kris Draper, aliuzwa na Winnipeg Jets kwa Detroit Red Wings mwaka 1993 kwa dola 1. Dola moja, mama. Akaichezea Detroit zaidi ya mechi 1,000, akashinda Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, mara 4, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Selke, ambayo ni ya mshambulizi anayekaba vizuri kuliko wote. Nakutajia huyu ili uone kwamba kuna watu waliojenga maisha kamili ya mchezo juu ya kazi hii, wala sikuahidi kwamba kila kijana wa kazi atafika huko. Wengi hawafiki. (Hoki ya barafu hata hapa kwetu ipo: Kenya Ice Lions walijifunzia kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Ukipata nafasi kawatazame, utaelewa haraka maana ya kuingia na kutoka.)

Turudi kwa kijana wako. Kocha amesema ni wa kazi. Kazi gani? Hapa ndipo ningependa utulie, kwa sababu kazi hiyo haiandikwi popote, na mzazi anayehesabu mabao hawezi kuiona.

Chukua robo ya tatu, timu yenu inaongoza 1–0. Beki wao wa kati ana mpira, anatafuta pa kuutoa. Kijana ametoka tu benchi. Akimkimbilia beki kwa mstari ulionyooka, beki ataupitisha mpira kando ya mguu wake hadi kwa kiungo aliye nyuma, na pasi moja itakuwa imewapita wachezaji wenu wanne au watano. Anayeijua kazi huja kwa kupinda. Gongo liko chini, limegusa nyasi, limeziba njia ya katikati, na mwili wake unamwambia beki kwamba njia iliyobaki ni ya pembeni tu. Beki analazimika kuupeleka kando ya mstari, ambako winga wenu alikuwa anausubiri. Mpira unanaswa, au unatoka nje na unakuwa wenu. Kijana hakuugusa. Kwenye karatasi ya mechi hana kitu. Lakini timu nzima imepanda mita thelathini kwa sababu yake.

Au tazama anavyomkabili mtu mmoja kwa mmoja. Gongo lina upande mmoja bapa wa kuchezea, na sheria hazina gongo la mkono wa kushoto, kwa hiyo kila mchezaji hulishika namna moja na kila mchezaji ana udhaifu upande wake wa kushoto. Mkabaji mzuri humsukumia mpinzani huko, anamcheleweshea pasi, anadonoa mpira kwa gongo bila kujirusha. Asiyejua huvamia, anapitwa, au anapata kadi ya kijani. Kadi hiyo ni dakika 2 nje, na timu inabaki na watu 10. Kijana anayepewa dakika tano uwanjani akaigharimu timu dakika mbili za upungufu, kocha hawezi kumwamini tena, na hapo simlaumu kocha hata kidogo.

Kisha kuna penalti kona, ile inayotolewa beki akifanya kosa ndani ya D, yaani nusu duara lililo mbele ya goli. Mabao mengi ya magongo hupatikana huko, na jina linaloandikwa ni la aliyepiga. Aliyeingia ndani ya D, akauelekeza mpira kwenye mguu wa beki, ambalo ni kosa la beki, hadi refa akanyoosha mikono kuonyesha kona, huyo hatajwi. Nenda kwenye mechi ijayo uhesabu ni kona ngapi zimetokana na kijana wako. Inawezekana mabao yake mawili yana ndugu watano ambao hukuwaona.

Sasa, je, ana kipawa? Siwezi kumpima mtu ambaye sijamwona akikimbia, na yeyote atakayekupa hukumu kwa barua tu, mkwepe. Ninachoweza ni kukuonyesha pa kutazama.

La kwanza na kubwa kuliko yote: anaingizwa lini? Kama anaingizwa timu ikiwa mbele 5–0 au imeshazama 0–4, basi anapewa mazoezi ya mechi na kocha bado hajamwamini. Lakini kama anaitwa robo ya nne, bao ni moja, wapinzani wanasukuma, na kocha anaelekeza kidole kwake, basi huyo tayari ni mchezaji wa kutegemewa, hata kama jumla ya dakika zake ni 15. Katika yote uliyoniandikia hili hukulisema, na ndilo lenye jibu.

Lingine utaliona ukiacha kutazama mpira. Najua ni vigumu, ni mtoto wako na mpira uko kule. Lakini mechi moja tu, mtazame yeye peke yake kila anapoingia. Timu yake ikipoteza mpira, anageuka papo hapo au anasimama kwanza, mikono kiunoni, akisikitika? Mbio zake za dakika ya nne zina kasi ya zile za dakika ya kwanza? Beki akibanwa naye anapiga wapi? Kama kuna ndugu yake wa kurekodi kwa simu kutoka juu jukwaani, afadhali zaidi, kwa sababu kijana atajiona mwenyewe, na katika umri huu macho yake yatamfundisha kuliko maneno yangu.

Kuhusu ule ufungaji wa shuleni, usiutupe, ila uelewe ulitoka wapi. Shule nyingi huchezea uwanja wa nyasi za kawaida au wa vumbi, mpira unarukaruka, na kijana mwenye mwili na mbio anawapita wenzake kwa nguvu tu. Kwenye nyasi bandia kama za uwanja wa City Park hapa Nairobi mpira unatembea kwa kasi nyingine kabisa, na mabeki ni watu wazima ambao wamecheza ligi miaka. Hapo kinachotenganisha watu ni ule mguso wa kwanza: mpira wa kasi unatulia kwenye gongo au unaruka mita moja mbele? Vijana wengi wanaotoka shuleni wakiwa wafungaji hupitia msimu mmoja au miwili ya ukame kwa sababu hii. Wengine mabao hurudi. Wengine hugundua kwamba klabuni nafasi yao ni nyingine. Kwa miaka 18 bado ni mapema kusema yeye ni yupi, na neno la kocha si hukumu ya milele.

Ningekuwa karibu naye ningemwambia atafute ufundi mmoja ambao timu haiwezi kuukosa, na ningempendekezea kusukuma mpira wa penalti kona kutoka mstari wa nyuma. Watu huudharau. Mpira huwekwa kwenye alama iliyo mita 10 kutoka mwimo wa goli, mguu mmoja wa msukumaji uwe nje ya mstari, na unatakiwa uteleze chini, kasi moja, mahali pale pale, kila mara, hadi kwenye gongo la anayeuzuia nje ya D. Ukichelewa kidogo au ukiruka, mabeki wameshafika na kona imeharibika. Sheria inakataza kubadilisha wachezaji kona ikishatolewa mpaka iishe, isipokuwa kipa anayekabili kona aliyeumia au kupewa kadi. Kwa hiyo kocha analazimika kuwa na msukumaji mzuri uwanjani wakati wote, na kila timu inahitaji angalau wawili. Kijana wa safu ya mbele akiujua ufundi huu barabara, dakika zake zinaongezeka bila kuombewa. Anachohitaji kujifunzia ni mipira michache, mstari, na subira ya kurudia jambo moja baada ya mazoezi wenzake wakiwa wameshapanda matatu.

Nije kwenye wazo lako la kumhamisha. Kuanza kila mechi katika klabu ndogo kuna faida ya kweli: dakika nyingi, makosa mengi ya kujifunzia, na moyo. Hasara ni kwamba mazoezi ndiyo yanayomjenga mchezaji wa miaka 18 kuliko mechi, na kubanwa na mabeki wakali siku za wiki ni shule ambayo huenda asiipate kule. Mimi ningemwacha amalize msimu huu alipo, kwa sharti moja: awe anapata dakika zinazofika kama 15 kwa mechi na kocha awe na maelezo. Kama nusu ya msimu imepita, anapata dakika sita saba za mechi zilizokwisha amuliwa, na hakuna anayemwambia arekebishe nini, basi mama, uko sahihi, mhamisheni bila kinyongo.

Maelezo hayo ayatafute yeye mwenyewe. Nakuomba usiende tena kwa kocha kwa niaba yake. Ulikwenda kwa mapenzi, naelewa, lakini mchezaji wa ligi ambaye mamake anamwulizia dakika huonekana mdogo mbele ya wenzake. Baada ya mazoezi, si siku ya mechi, amwendee kocha na kumuuliza: "Kocha, ukiniingiza unataka nikufanyie nini hasa? Na nifanye nini ndipo uniamini robo ya nne?" Kocha anayemfikiria kijana hujibu kwa sentensi mbili, wazi. Akizungukazunguka, hilo nalo ni jibu.

Na babake? Mzee ana hoja na msimpuuze. Magongo ya Kenya yana historia ya kujivunia. Tulimaliza nafasi ya 4 kwenye Kombe la Dunia la 1971 kule Barcelona, na Olimpiki yetu ya mwisho kwa wanaume ilikuwa Seoul mwaka 1988. Lakini wachezaji wengi wa ligi yetu hawalipwi mshahara wa mchezo. Wachache hupata ajira kupitia timu za taasisi, wengine hucheza wakiwa na kazi zao. Hata mfungaji bora wa ligi anahitaji cheti, sembuse mchezaji wa kazi. Mahali ninapotofautiana naye ni kudhani ni lazima kimoja kiachwe. Vyuo vyetu vina timu: Strathmore, USIU, Kenyatta na JKUAT vyote vimekuwa na vikosi vya magongo ligini. Wakati wa kuchagua kozi kupitia KUCCPS, idara ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, kijana aanze na kozi anayoitaka na alama zake, kisha kati ya vyuo vinavyoifundisha aangalie ni kipi kina timu. Vyuo vya kibinafsi ulizieni ufadhili wa wanamichezo kwenye ofisi ya michezo ya chuo chenyewe, ana kwa ana, na mwende na video zake. Kocha wa chuo mwenye washambulizi watatu wanaotaka kufunga tu atafurahi kumpata mmoja anayejua kukaba.

Mambo machache yasingoje barua. Kuingia na kutoka kuna hatari yake: msuli wa nyuma ya paja hupoa kijana akiketi benchi, kisha anatakiwa kupiga mbio kwa kasi yake yote ndani ya sekunde kumi. Asiketi muda wote. Asimame, achezeshe miguu, akimbie kando ya uwanja dakika mbili kabla ya kuitwa. Akisikia mchomo wa ghafla hapo nyuma ya paja, atoke, na asirudi mpaka mtaalamu wa viungo amshike na kumpima. Magongo huchezwa mtu akiwa ameinama, na kwa vijana wanaokua uti wa mgongo wa chini unaweza kupata ufa mdogo kwenye mfupa. Maumivu ya kiuno yanayozidi akijipinda nyuma, yakiendelea wiki mbili au tatu, yanahitaji daktari wa mifupa au wa michezo. Dawa ya kutuliza maumivu isimfiche. Akizimia au kuumwa kifua akikimbia, hospitali siku hiyo hiyo, na magongo yasimame.

Na kama amebadilika nyumbani, hapati usingizi, hali chakula vizuri, hataki kuongea na mtu baada ya kila mechi, msilichukulie kuwa ni hasira za benchi. Mtafutieni mshauri nasaha wa kuongea naye uso kwa uso, wewe au babake mkamsindikiza mara ya kwanza. Ukishamtazama kwenye mechi moja nzima kwa namna niliyoeleza, niandikie tena uniambie anaingizwa robo gani na bao likiwa ngapi.